Jibu: Firefox Nightly iliyo /opt haijisasishi

Ndugu, umeuliza kwa nini Nightly (toleo la majaribio la kivinjari cha Firefox) uliyoiweka /opt, folda ya Linux ya programu za ziada, haijisasishi. Ni suala la ruhusa. Ulikunjua kifurushi chake kwa sudo (amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi), kwa hiyo mwenye folda ni root, yaani msimamizi wa mashine. Kivinjari kinaendeshwa kwa jina lako na hakiwezi kubadilisha mafaili yake. Tafadhali usikiwashe kwa sudo ili tu kijisasishe, maana utatembelea kila tovuti ukiwa na mamlaka yote ya mashine. Hamishia folda nyumbani kwako na ubadilishe umiliki:

sudo mv /opt/firefox ~/nightly
sudo chown -R $USER: ~/nightly

Rekebisha na njia kwenye faili la .desktop (linaloweka ikoni ya programu kwenye menyu), la sivyo ikoni haitafungua kitu.

Ila kwa Debian au Ubuntu, mimi ningekushauri hazina ya APT (mfumo wao wa kusakinisha programu) ya Mozilla yenyewe, packages.mozilla.org, iliyopo tangu 2023. Ukishaongeza ufunguo wake na hazina, endesha apt update, kisha usakinishe firefox-nightly. Nightly hutoka kwa kawaida mara mbili kwa siku. Kwa anayetumia bando, kuchagua mwenyewe saa ya kupakua ni nafuu kubwa.

Alamisho zako za Firefox ya kawaida ziko salama: tangu toleo la 67 kila usakinishaji una wasifu wake, yaani folda yake ya alamisho na mipangilio.