Ukienda kliniki ya usingizi, nenda na anayekusikia ukikoroma

Daktari aliponiuliza nalalaje, nilimjibu kwamba nalala usiku kucha, ila mchana nasinzia hata kikaoni. Mke wangu akadakia: "Anakoroma, halafu ghafla kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini." Maneno yake yalimfaa daktari kuliko yangu yote. Kwa hiyo nenda na mtu unayelala naye chumba kimoja. Kama unalala peke yako, jirekodi kwa simu.

Huenda ukapewa dodoso la Epworth, lenye maswali 8 kuhusu unavyosinzia ukisoma, ukitazama televisheni au ukiwa garini. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ikizidi 10, kusinzia kwako kumepita kiasi. Jibu kwa ukweli.

Usiku wa kipimo wanakubandika nyaya kichwani, pembeni mwa macho, kidevuni, kifuani na miguuni, wanakufunga mkanda kifuani na mwingine tumboni, wanakuwekea kimrija puani na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Osha nywele mapema na usipake mafuta, maana nyaya hazitashika. Wengi huhofia kwamba hawatalala kabisa. Utalala vibaya kuliko nyumbani, lakini mara nyingi hata saa chache zinatosha.

Wanachohesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi. Kuanzia mara 5 tayari ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kuanzia 30 ni mkali, na wangu ulikuwa huko.

Tiba yangu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Mwanzoni inasumbua sana. Barakoa ikivuja juu ya pua, hewa inapiga machoni na unaamka yamekauka. Usiitupe kabatini, rudi wakubadilishie saizi. Mdomo ukikauka, omba kifaa cha kuongeza unyevu.

Tafadhali, kabla ya kupimwa usijinunulie dawa za usingizi. Baadhi yake, kama ilivyo pombe, hulegeza misuli ya koo na kuzidisha tatizo. Anayekesha bila kupata usingizi ana shida nyingine, na mara nyingi hahitaji nyaya hizo. Tiba ya kwanza kwake ni ushauri wa kitaalamu wa kubadili mazoea na fikra kuhusu kulala.

Na kama unasinzia kwenye usukani, mweleze daktari siku hiyohiyo, na gari aendeshe mwingine mpaka utibiwe.