Kabla ya kujaza bomba la dawa, uliza kama adui ana kiini

Kidato cha tano nilikariri jedwali la tofauti za seli za prokarioti (zisizo na kiini) na yukarioti (zenye kiini) mpaka nikawa naliota. Mtihani nikafaulu. Miaka kadhaa baadaye, kwenye nusu eka yangu ya viazi mviringo kando ya Uyole, hakuna hata mstari mmoja wa jedwali lile ulionijia.

Viazi vilikuwa vinanyauka mchana, majani yakiwa bado mabichi. Dukani nikauziwa dawa ya ukungu. Nikapiga mara tatu. Jirani yangu mmoja mzee akaja, akakata shina lililonyauka karibu na udongo, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka.

"Mwalimu, huo si ukungu," akasema. "Umeogesha majani bure."

Nyuzi zile ni bakteria, Ralstonia solanacearum. Huyo ni prokarioti: seli ndogo ya mikromita moja au mbili, DNA imelala humo ndani bila utando wa kuizunguka, na mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, hana. Ukungu wa viazi, Phytophthora infestans, yuko upande wetu sisi na kiazi chenyewe. Ni yukarioti, ana kiini chenye utando wake na mitokondria. (Wataalamu wanasema hata fangasi halisi si yeye. Shambani hilo halinisumbui.)

Hapo ndipo pesa yangu ilipopotelea. Metalaksili, dawa mojawapo ya ukungu, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza RNA ndani ya kiini cha ukungu. Bakteria kiini hana, na kimeng'enya chake kimeumbwa vingine. Isitoshe, amejificha kwenye mirija ya maji ya mmea. Ni kama penisilini: inavuruga ukuta wa peptidoglikani wa bakteria, na wewe hudhuriki kwa kuwa seli zako hazina ukuta huo.

Kwa hiyo anza na glasi. Ukiona nyuzi, weka bomba chini, maana mnyauko huu wa bakteria hauna dawa ya kuponya. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, fukia mbali na mfereji, osha jembe, na shamba lipumzike kwa mahindi misimu kadhaa. Nyanya usithubutu, ni ukoo mmoja na viazi na bakteria yule yule anaila.

Mimi msimu uliofuata nilipanda nyanya.