Mawe Mawili Mfukoni

Kwa miaka mingi nilinunua viazi vijijini Mbeya na kuviuza Dar es Salaam. Shambani nilinunua kwa lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa kipande kingine juu, linajazwa tena. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Yangu yalipita 130, na mkulima nilimlipa bei ya gunia moja. Nikifika mjini, nauza kwa kilo. Jumapili niliimba kwaya, na fungu la kumi la faida hiyo nilitoa bila kukosa.

Asubuhi moja nikasoma Kumbukumbu la Torati 25:13, panapokatazwa kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Nikafunga Biblia. Mfuko uliotajwa pale ulikuwa wangu.

Tangu siku ile nayasikia tofauti yale maneno ya Mwanzo 17:1, "uende mbele yangu." Abramu aliambiwa hivyo akiwa na miaka 99, naye alikuwa amewahi kuwadanganya Wamisri kwamba mkewe ni dada yake. Kwenda mbele ya mtu ni kwenda akikutazama. Fika sura ya 23 utamkuta mzee yule yule akinunua shamba la Makpela: anampimia Efroni shekeli 400 za fedha, kwa kipimo cha wafanyabiashara, wenyeji wakisikia. Nashukuru Biblia imetutunzia hesabu ile.

Ndugu yangu, usianze na mikesha. Anza pale ambapo usingependa mchungaji wako atokee ghafla. Kwangu palikuwa shambani. Kwako pengine ni risiti za safari ya kikazi, au mshahara wa dada wa kazi. Na ukitubu, taja kiasi. Zakayo alisema atarudisha mara nne.

Inauma, sikufichi. Msimu wa kwanza niliobeba mizani shambani faida ilishuka, na mke wangu alilia tulipopiga hesabu ya ada za watoto. Mika 6:8, ule wa kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako, tunaukariri sana makanisani. Ule wa 11, unaouliza habari za mizani ya udhalimu, sijawahi kuusikia ukikaririwa.

Kuwarudia wakulima kulinishinda kwa muda mrefu. Hatimaye nilikwenda na daftari, nikawalipa kidogo kidogo kwa misimu miwili. Mama mmoja alizipokea hela, akahesabu, akanyamaza. Kisha akauliza kama limo na fungu la marehemu mumewe, maana ndiye aliyekuwa akiniuzia zamani. Hakuwamo kwenye daftari. Tukaketi barazani, tukaanza kukumbuka magunia, msimu baada ya msimu.