Ukijiunga na timu ya kuunda ndege nyepesi, anza na mzani

Siku ya kwanza watakuonyesha michoro ya mabawa. Itazame, usifu, kisha omba daftari la uzito. Mimi nilichelewa kuliomba.

Ndege yangu ya kwanza, ya viti vinne, ilitunenepea mikononi. Huyu kaongeza bati nene kidogo sakafuni, yule kaacha waya mrefu usije ukabana, mwingine kaleta redio ya pili. Tulipoipandisha kwenye mizani, mmoja kila gurudumu, ilikuwa imezidi makisio kwa uzito wa abiria mzima. Basi ukijaza mafuta, kiti kimoja kinabaki cha mkoba. Siku hizi daftari langu lina safu tatu: makisio, mchoro, mzani. Ya tatu tu ndiyo ninayoiandika kwa wino.

Uliza pia uzito umekaa wapi. Kilo ya mkiani haifanani na kilo ya chini ya kiti. Kitovu cha uzito kikirudi nyuma kupita mpaka, pua haitulii, na ndege ikianza kuzunguka kama pia ya watoto, huenda isitoke kwenye mzunguko huo. Mizunguko hiyo haijali ukubwa wa kampuni: majaribio ya Cessna 162 Skycatcher, ndege ndogo ya kampuni kubwa ya Marekani, yalipoteza ndege mwaka 2008, nyingine 2009. Marubani walipona, mkia ukachorwa upya.

Rangi nayo ina uzito. Fundi wetu alificha kovu la usukani wa mkiani kwa puti, akapaka mkono wa pili. Ukapendeza kweli. Tulipouning'iniza kwa bawaba zake na kuuachia, ukingo wa nyuma ukazama polepole kama mtu anayesinzia. Usukani wa namna hiyo, ndege ikishika kasi, unaweza kuanza kupepea wenyewe hadi ung'oe mkia. Tukaukwangua, tukapaka upya, tukauning'iniza tena. Siku mbili zikaenda, na watu wa mauzo wakanuna.

Ukiitwa kwenye jaribio la bawa, nenda hata kama si zamu yako. Kwa kawaida bawa la ndege hizi hubebeshwa mara 3.8 ya mzigo wa kuruka kwa utulivu, kisha mara 1.5 ya mzigo huo, na lazima listahimili sekunde 3. Sisi tulipanga mifuko ya mchanga. Pima kila mfuko asubuhi ileile. Yetu ililala nje, ikanyeshewa.