Je, ruzuku ya TASAF isitishwe mtoto anapopigwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi ya kijijini. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la tano, mwenye umri wa miaka 11, analelewa na bibi yake pamoja na wadogo zake wawili, na kaya hiyo inapokea ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Tangu mwezi uliopita anahudhuria siku mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine huosha vyombo kwa mamantilie wa stendi. Juzi nilimwona ana alama za fimbo mgongoni. Mtendaji wa kijiji anasema bibi afutwe kwenye orodha ya walengwa mpaka apate akili. Wakati huohuo kuna bwana kutoka mjini aliye tayari kuwachukua watoto wote watatu akawasomeshe kwenye kituo chake. Nianzie wapi, na je, mtendaji yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kwa kuwa alama umeziona mwenyewe, mtoto afikishwe kituo cha afya leo, kabla ya kikao chochote, na taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukiwakosa, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto haina malipo. Usimhoji mtoto kwa undani, wala usimpelekee bibi habari ili ajieleze. Swali lako linaonyesha kwamba umekwisha kumhukumu bibi, ilhali mtoto anayeosha vyombo stendi ana wakubwa wengine wanaomwamrisha, nao wanajua kushika fimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na miongoni mwa waliotajwa kuwapiga walikuwamo walimu, uniwie radhi. Nani alimpiga mtoto huyu ni swali la mtu aliyefunzwa kuzungumza na watoto, na aulizwe mara moja, badala ya kila ofisi kumvua shati upya.

Sasa nije kwa mtendaji, maana hoja yake naisikia karibu kila wiki na nakiri kwamba imenichosha. Wengi wanaichukulia ruzuku kama zawadi ya mlezi mwema, kwa hiyo mlezi akikosea, zawadi inarudishwa. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao ndio unaotoa ruzuku hiyo ya TASAF, haukujengwa hivyo. Kaya inatambuliwa kwa sababu ya umaskini wake, katika mkutano wa kijiji na kwa dodoso linalofuata, na haiondolewi kwa kauli ya mtu mmoja aliyekasirika. Tena fedha hiyo, inayolipwa kila baada ya miezi miwili, ndiyo unga wa watoto watatu. Ukiikata ili kumwadhibu bibi, mtoto wa kwanza kurudi stendi kutafuta mlo ni huyuhuyu unayetaka kumwokoa, na safari hii atakwenda siku zote tano.

Sheria yenyewe imeona tofauti ambayo mtendaji haioni. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamwagiza mwanajamii kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu mwenye uwezo wa kumtunza mtoto anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Neno la kuangalia hapo ni uwezo. Bibi aliyeshindwa na bibi aliyekataa hawapelekwi kwenye meza moja. Wa kwanza anahitaji kusaidiwa kulea, wa pili anahitaji kuwajibishwa, na kazi ya kuwatofautisha inafanywa kwa kuitembelea nyumba, kuona jiko, mahali pa kulala na afya ya wale wadogo wawili, jambo ambalo haliwezekani mtu akiwa ameketi ofisini na orodha mkononi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawalijui, ingawa ni wao wanaoshika kalamu. Ruzuku ina sehemu inayotegemea masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, na wa umri wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Daftari lako ndilo linalojaza fomu ya mahudhurio. Mtoto akikosa, kaya inahesabiwa kuwa haikutimiza masharti na inaweza kupunguziwa malipo, na mara nyingi mambo huishia hapo. Kwangu mimi fomu hiyo ni king'ora. Mtoto aliyekuwa anahudhuria kisha akaacha ghafla ana sababu, ambayo inaweza kuwa njaa, ugonjwa wa mlezi, kibarua, mimba au kipigo. Uratibu wa kweli kati ya ofisi ya ruzuku na ofisi ya ustawi ni jina lile kufika kwa afisa ustawi kabla ya makato kufika kwenye kaya.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Mwanzoni mwa kazi nilikaa katika ofisi ambako mratibu wa ruzuku alikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Mama mmoja alikatwa malipo mara tatu mfululizo kwa utoro wa binti yake. Mimi nilifungua faili la binti huyo baadaye sana, alipoletwa na polisi akiwa ametolewa kwenye nyumba alikopelekwa kufanya kazi za ndani. Tarehe za utoro wake zilikuwa zimeandikwa vizuri kabisa, mlango wa tatu.

Katika shauri lako, afisa ustawi ndiye msimamizi. Akishafungua faili, aitishe kikao cha watu wachache: mratibu wa TASAF, wewe, muuguzi wa zahanati, mjumbe mmoja wa kamati ya MTAKUWWA ya kijiji (ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto), na bibi mwenyewe ikiwa uchunguzi hautaharibika. Usiwe mkutano wa hadhara, kwa kuwa aibu ya mtoto si ajenda ya kijiji. Kila mmoja atoke na kazi yake na tarehe yake. Muulizeni mratibu pia kama kaya imepangiwa ajira za muda, yaani vibarua vya mpango huohuo, kwa sababu nimeona nyumba ambako mtu mzima pekee yuko kwenye mradi wa barabara na mtoto wa miaka 10 ndiye analea wadogo, kisha sote tunashangaa kwamba haji shule. Mamantilie naye asisahauliwe: umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu.

Ikithibitika kwamba bibi ndiye aliyepiga, umaskini wake haufuti kosa, na shauri hilo liende polisi kwa njia yake. Kinachoweza kubadilika ni mtu wa kupokea fedha kwa niaba ya kaya. Msikubali wazee wa ukoo walimalize kwa mbuzi na pombe. Suluhu ya namna hiyo huwapatanisha watu wazima, kisha mtoto anarudishwa palepale alipopigiwa.

Limebaki la bwana wa mjini, na hapa sizungumzi nawe peke yako. Watu wenye gari na ahadi ya shule wamekuwa wengi vijijini, na tunawapokea kama wafadhili kwa sababu wanatupunguzia kazi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini wa kipato peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Kwetu, makao ya watoto yanahitaji leseni, na mtoto hapelekwi huko kwa makubaliano ya bibi na mgeni barazani, hata bibi akitia dole gumba. Panapokuwa na hatari ya kweli nyumbani, afisa ustawi hutazama kwanza ndugu wengine, kisha familia ya kuaminika, na makao huwa ya mwisho. Anayewataka watoto watatu kwa mkupuo, bila kuuliza shangazi yao yuko wapi, hajaja kulea. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na mashauri yake mengi huanza kwa maneno matamu kama hayo ya kusomeshwa.

Mwambie bwana huyo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri akiwa na leseni ya kituo chake. Akisema hana muda, andika namba ya gari lake na uipeleke Dawati la Jinsia siku hiyohiyo.