Baiskeli ya njia za msituni: saizi na breki kwanza, shokapu baadaye

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani ilikuwa na shokapu mbili, moja mbele na nyingine katikati ya fremu, na hiyo ndiyo sababu niliinunua. Pale dukani nilibonyeza kiti kwa mkono, kikashuka na kupanda taratibu, nikaona nimepata. Wikendi ya kwanza ilinifungua macho. Kwenye mwinuko, kila nilipokanyaga pedali baiskeli ilizama kisha ikainuka, na nguvu zangu zikaishia kwenye springi badala ya kufika kwenye gurudumu. Miezi michache baadaye viungo vya nyuma vilianza kulegea, fremu ikawa inacheza kama mlango wenye bawaba mbovu.

Shokapu mbili hazina ubaya. Anayeteremka kwenye mawe makubwa kila wiki anazihitaji kweli. Ila kuziunda vizuri ni gharama, kwa hiyo baiskeli ya namna hiyo ikiuzwa bei ya chini, ujue mtengenezaji amebana mahali: kwenye breki, gia, beringi au habu (kitovu cha gurudumu). Pesa hiyohiyo ukiipeleka kwenye baiskeli yenye shokapu ya mbele tu, unapata vifaa bora, uzito mdogo na viungo vichache vya kuhudumia. Kwa mtu wa Jumamosi asubuhi, anayetaka saa mbili tatu kwenye udongo, mizizi na changarawe, mimi namshauri hiyo bila kusita.

Kabla ya yote, saizi. Chati za watengenezaji zinasaidia, lakini hazifanani; M ya huyu inaweza kukaribia L ya yule. Nenda umevaa viatu utakavyoendeshea. Simama umepanua miguu juu ya fremu, nyayo zote chini, uone kama kati ya bomba la juu na mwili wako kunabaki angalau sentimita 5. Kisha panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa. Baada ya hapo simama juu ya pedali kama unateremka, viwiko vimekunjwa kidogo. Magoti yasiguse usukani, wala usijikute umejinyoosha kama anayefikia kitu mezani kwa mbali. Kiti utakipandisha na kukishusha upendavyo, lakini urefu wa fremu utabaki ulivyo. Rafiki yangu alichukua kubwa kwa sababu ilikuwa na punguzo. Mabega yalimuuma kila safari, na mwishowe akaiuza kwa hasara.

Kuhusu magurudumu, watu hubishana sana. Ya inchi 29 hupita juu ya mizizi na mawe kwa wepesi zaidi, ya 27.5 hugeuka kwa urahisi na huwafaa wengi wenye kimo kifupi. Fremu ikikukaa vizuri, chukua magurudumu iliyokuja nayo.

Breki ndipo ninapowaomba msibane. Ile baiskeli yangu ilikuwa na breki za kubana ringi. Siku moja baada ya mvua nilikuwa nashuka mteremko mrefu wenye tope. Nikabana kwa vidole vyote, nikasikia mchanga ukisagwa kati ya raba na ringi, na baiskeli ikazidi kwenda. Niliielekeza kwenye majani marefu kando ya njia, ndipo iliposimama. Mikono ilitetemeka kwa muda mrefu. Breki za diski za mafuta hubanwa kwa kidole kimoja, na tope haliziathiri kwa kiasi kile. Diski za waya nazo zinatosha, na zinatengenezeka popote, mradi ukumbuke kukaza waya na kusogeza pedi zinapolika. Ukiwa na za mafuta, usibane breki gurudumu likiwa limetolewa: pedi zitasogeleana na diski itakataa kuingia.

Shokapu ya mbele yenye mwendo wa milimita 100 hadi 120, yaani umbali inaoweza kuzama, inatosha kabisa. Ya springi ya chuma haina mengi ya kurekebisha. Mtu mwepesi anaweza kukuta haizami hata kidogo. Ya hewa unairekebisha kulingana na uzito wako kwa pampu yake maalumu. Nyingi zina kijipete cha raba kwenye mguu wa shokapu. Kishushe hadi chini, panda taratibu, kaa kama unavyoendesha, kisha shuka bila kurukaruka. Kwenye shokapu ya milimita 120, kijipete kikisogea milimita 24 hadi 30, uko pazuri. Kikizidi hapo, ongeza hewa.

Gia nitazipita haraka: sahani moja ya meno mbele, penye pedali, na sproketi (gurudumu la meno) kubwa nyuma, ya meno 46 au zaidi, itakupandisha karibu kila mlima, na haina mengi ya kuharibika.

Tairi zenye upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 ndizo ninazopenda. Kwa muda mrefu nilizijaza upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe, nikidhani ndiyo wepesi. Kumbe zilikuwa zinanirusha kwenye kila kokoto. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo tu. Kwa mwenye kilo 70 hivi anayetumia tyubu, anzia upepo wa paundi 25 hadi 30 (PSI), na nyuma paweke zaidi kidogo kuliko mbele.

Ukinunua iliyotumika, bana breki ya mbele, weka kidole pale uma, ule unaoshika gurudumu la mbele, unapoingia kwenye fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, beringi zinataka kukazwa au kubadilishwa, na hilo linatengenezeka. Kisha igeuze juu chini, pitisha tochi kwenye mishono ya kuchomelea, hasa chini ya shingo ya fremu na kuzunguka ekseli ya pedali. Ukiona mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, iache hapohapo. Alumini ya fremu ikichomelewa upya bila kupitishwa tena kwenye joto la kiwandani hubaki dhaifu karibu na pale ilipochomelewa.