Apparently sio "dhahiri": kwa madogo mnaoanza kupeleka wageni Ruaha

Kamwene wadogo zangu. Nyie mnaoanza msimu huu kupeleka wageni hifadhi ya Ruaha, Isimila na Kalenga huku Iringa, Kiingereza mnacho, tena wengine kimenyooka kuliko changu, ila kuna vile vineno vya mashaka mashaka, vingi vinaishia na -ly, vitawaumbua kama vilivyoniumbua mimi.

Mwaka wangu wa kwanza gari lilinizimikia mbele ya Tungamalenga. Nikaingia uvunguni, mgongo kwenye vumbi, naona kabisa dizeli inadondoka tone tone mpaka kwenye shati langu. Jioni naandika ripoti: "The tank was apparently leaking." Mi kichwani nina kamusi, apparent ni dhahiri, kwaiyo apparently si ndo dhahiri kabisa, kwa macho yangu haya. Bosi, mama mmoja wa Uingereza, kasoma, kaniangalia, kaniuliza nani kakwambia? Namwambia nimeona mwenyewe mama, nusa hili shati. Alicheka sana yule mama. Kumbe apparently kwao ni hiyo hiyo "kumbe" yetu, au "nasikia", yaani habari umeipata kwa mtu au umejumlisha dalili mwenyewe, na ukiitumia unajitoa kidogo ili ikija kuwa sivyo usilaumiwe. Kama umeona, acha hicho kineno, sema the tank was leaking basi.

Supposedly ndo hatari zaidi maana hiyo ni "eti". Siku moja Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, jamaa yangu tuliyeanza naye kasimama mbele ya lile fuvu la kichwa kasema "This is supposedly the skull of Chief Mkwawa", yeye alitaka kusema ndicho kinachojulikana kuwa cha Mkwawa. Mgeni akamuuliza taratibu, kwani wewe huamini? Na pembeni kuna mzee wa Kihehe anaelewa Kiingereza vizuri tu. Jamani! Sasa ni kweli ipo hadithi pale, Mkwawa alijiua 1898, Wajerumani wakachukua kichwa, kikarudi 1954 baada ya Gavana Twining kukichagua kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo, kwaiyo wapo wanaotia shaka mpaka leo. Mgeni akitaka hiyo habari mpe yote, mweleze vipimo vilivyofanyika, aamue mwenyewe. Ila usiifupishe kwa "eti" mbele ya wajukuu wa Mkwawa.

Allegedly waachieni magazeti na polisi, ni "inadaiwa", mtu kashtakiwa hajahukumiwa. Huwezi kusema simba allegedly kapita hapa.

Halafu surely. Hii wengi wetu tunaiona kama "hakika", tunamwambia mgeni surely we will see lions. Yeye anasikia kama unambembeleza akubaliane na wewe, kama vile mwenyewe una wasiwasi. Mimi niliielewa siku mgeni alipomuuliza mwenzake Juni asubuhi, baridi ya Iringa mnaijua, "Surely you brought a jacket?" Yaani "si umekuja na koti jamani?" Hiyo "si... jamani" ndo surely yenyewe. Na no doubt nayo ni kama "bila shaka" yetu, tunasema bila shaka umechoka na safari wakati tunakisia tu, wala hatuna ushahidi wowote.

Kwenye wanyama mi nna ngazi yangu. Tembo kiangazi pale mto Ruaha Mkuu nasema definitely. Simba probably. Mbwa mwitu possibly, na hapo nakaza sauti ili wasikie kwamba sijaahidi kitu. Zile shoka za mawe za Isimila, zilitumika kufanyia nini, presumably inatosha, maana tunakisia kwa umbo lake. Na ukikanusha probably inatangulia, we probably won't, sio we won't probably, hili hata mimi bado linanitoka nikichoka.

Kwenye meseji andikeni maybe neno moja likiwa "labda", may be mbili ni kitenzi, he may be late. Ni kitu kidogo ila bosi anaona.

Possibly ina ujanja mwingine. Babu mmoja tulikula naye ugali na kuku wa kienyeji, kamaliza, nikamuuliza nikuongeze? Akasema "Oh, I couldn't possibly." Mi nikasikia possibly, nikajua labda inawezekana huyu anaona aibu tu, nikamkatia bonge lingine na paja juu. Kumbe ikikaa na couldn't ni "siwezi kabisa, nimeshiba". Alilimaliza lote yule mzee, kimyakimya, jasho linamtoka.